Natazama Mkono Wako, Shangazi

Toledo, Ohio
Jumanne, 19 Novemba

Mpendwa Shangazi Velma,

Shikamoo. Naomba uisome barua hii mpaka mwisho, ndipo uichane ukitaka. Nimeshika kalamu kwa sababu simu zangu hupokei, na nikimpigia binti yako Jolene ananiambia uko bafuni. Shangazi, mtu haogi mara kumi na moja kwa siku mbili, tena huko Anchorage, kwenye baridi ile!

Hujambo lakini? Mguu unaokuvimba unaendeleaje? Jolene anakupeleka kliniki, au bado unamdanganya kwamba daktari kasema usubiri? Nasikia theluji imeshafika madirishani. Vaa zile soksi za sufu alizokuletea mke wangu Renita, usizifungie kabatini eti ni za wageni. Sisi huku tu wazima. Renita hajambo, mapacha wameota meno ya mbele na wanauma kila kitu. Goti langu nalo halijambo. Nalitaja mwenyewe kabla hujaliulizia.

Sasa nije kwenye kosa langu. Najua ni Lamar aliyekupigia akakwambia, "Mama, washa runinga, mtoto wako huyo kavaa helmeti." Binamu yangu huyo tangu utotoni hajawahi kubeba siri hatua tatu. Lakini hakusema uongo.

Nilikuapia, na sijasahau. Mwaka jana goti lilipopasuka, nikatolewa uwanjani juu ya kigari, nimefunikwa taulo usoni, ni wewe uliyefunga safari kutoka Alaska mpaka Alabama, na mguu wako huohuo mbovu. Ukaniogesha kama mtoto, dume zima la kilo mia na ishirini. Nikaweka mkono juu ya Biblia yako nikasema helmeti sivai tena. Mwaka mzima nikatimiza. Mwezi uliopita nikavunja, tena bila kukuuliza, kwa sababu niliogopa jibu lako. Nisamehe. Hilo la kutokuuliza ndilo linaloniuma.

Lakini nisikilize. Mimi sikuacha mpira wetu wa Kimarekani, nilitolewa. Miaka kumi na moja ya kuwakimbilia warushaji wa watu na kuwalaza chini kabla hawajaachia mpira, halafu picha ya mwisho iliyobaki kwa watu ni taulo usoni! Nilikaa nyumbani Mobile nikikata majani ambayo yalikuwa yameshakatwa. Renita akaniambia, "Cleavon, hiyo bustani imekukosea nini?" Nilitaka kitu kimoja tu: nitoke uwanjani kwa miguu yangu.

Basi timu ya hapa Toledo, Wahunzi, ikapoteza wakimbilia mrushaji wawili katika Jumapili moja, mmoja bega, mwingine kifundo cha mguu. Jumanne yake wakatuita wazee watano tuje tujaribiwe, wamchukue mmoja. Ungetuona ungecheka mpaka ulie! Mvi kidevuni, magoti yamefungwa bandeji, kila mmoja anajifanya hakuna panapouma. Yupo aliyejinyoosha muda mrefu kuliko zoezi lenyewe. Tukagonga mifuko ya mazoezi, tukazunguka koni, tukakimbia. Nikawaacha wote. Sijigambi, Shangazi. Haya, najigamba kidogo.

Daktari wa timu alilikunja goti, akalinyoosha, akalipiga picha mbili, akasema lina nguvu kuliko lile lisiloumia. Karatasi yake nimeitia humu ndani, uisome kwa miwani yako, usije ukasema nimetunga.

Kocha wa mstari wetu anaitwa Stubblefield, mtu wa Oklahoma, tumbo kubwa, maneno machache. Alinipa mkataba wa wiki nne, akaniambia, "Mabry, wewe ni akiba. Utaingia mara kumi na tano kwa mechi, basi. Ukitaka kuwa nyota, mlango ule pale."

Nikamwambia, "Kocha, nyota nimeshakuwa. Nipe hizo kumi na tano."

Kijana niliyeletwa kumpumzisha ni Trevion, wa Shreveport, miaka ishirini na miwili. Ana mbio, Shangazi, sijapata kuona! Tatizo lake masikio. Mrushaji wa upande wa pili akipaza sauti tu, yeye huyooo, keshachomoka, na mpira bado uko chini. Refa anatupa kitambaa cha njano, wapinzani wanapewa yadi tano za bure. Na mazoezini hapa sheria ni moja: akichomoka mmoja mapema, mstari mzima unapiga pushapu kumi. Jumatano ya kwanza alichomoka mara sita. Nilikaribia kumng'ata.

Ndipo nikakukumbuka wewe na meza ya nyumba ya Prichard ulikonilea. Kuku wako yumo kwenye sufuria, harufu imejaa nyumba, watoto saba tumeinamisha vichwa, na mkono wako uko juu ya mfuniko. Hakuna kugusa kitu mpaka mkono huo uinuke na mfuniko. Halafu Lamar, shetani yule, anaigiza sauti ya mchungaji: "Aaamina!" Mimi huyo nanyoosha mkono. Mwiko unatua vidoleni, kpaa! Na maneno yako yaleyale kila siku: "Cleavon, tazama mkono wangu, usisikilize mdomo wa mtu."

Watu wa magazeti wameniuliza miaka yote nani alinifundisha kutochomoka kabla ya mpira kuinuliwa. Nikawa nawatajia makocha. Leo nakiri, nilikuibia sifa zako.

Basi mchana ule kantini nikachukua paja la kuku, nikaliweka katikati ya meza, nikalifunika kwa bakuli, mkono wangu juu. Mkono wa pili, mwiko nilioazima kwa mpishi.

"Dogo," nikamwambia Trevion, "mkono ukiinuka, paja lako. Ukigusa kabla, usinilaumu."

"Mchezo wa chekechea huo, Babu. Dawa zako za miguu umemeza leo?"

Nikainamisha kichwa, nikanyamaza kama mtu wa ibada. "Aaamina!" Akarusha mkono. Kpaa!

Kantini nzima ikapasuka kwa kicheko. "Uchawi!" akapiga kelele huku akipuliza vidole. "Rudia! Rudia, Mzee!"

Nikarudia. Alikula mwiko mara saba. Ya nane nikaita amina, nikapiga chafya, nikamwambia mama yake yuko mlangoni. Hagusi. Macho yamekodolewa mkononi mwangu. Nikainua bakuli, akalichukua paja lililokwisha kupoa, akalila amenuna. Tangu hapo mstari mzima unakula hivyo kila mchana, na mpishi ameficha miko yake yote.

Wiki mbili za kwanza sikuvalishwa jezi ya mechi. Jumapili hii iliyopita nikavaa, tukicheza na Omaha, na mjuaji mimi nikaumbuka. Mara yangu ya kwanza kuingia, naweka vidole kwenye nyasi. Mrushaji wa Omaha ana sauti ya dalali wa mnada wa ng'ombe. Akabweka, "Haya! Haya-haya!" Nami nikachomoka, Shangazi. Mimi! Mwalimu mwenye mwiko! Kitambaa cha njano hewani, uwanja mzima unanizomea, watu wa kwetu wenyewe. Njaa ya mwaka mzima ilinitia upofu.

Trevion akanijia huku ameshika mbavu kwa kucheka. "Babu, ulikuwa unatazama nini? Ndege?"

Stubblefield hakucheka. Alinionyesha benchi kwa kidole kimoja, nikakaa. Robo ya pili nimekaa, ya tatu nimekaa. Nilisikia aibu mpaka kwenye meno. Nilijua mkataba wangu ungekwisha na hakuna atakayeniita tena, na picha ya taulo isingefutika, ila ingeongezewa ya benchi. Nikaweka mikono yangu mapajani nikaitazama, nikajisemea maneno yako, pole pole, kama anayefundisha mtoto. Kuna kijana aliyekaa pembeni yangu akadhani nasali. Nikamwachia adhani hivyo.

Dakika za mwisho tunaongoza kwa pointi nne, Omaha wanakuja. Kijana aliyechukua nafasi yangu akakamatwa na misuli. Stubblefield akaangalia benchi lote, kushoto mpaka kulia, kama mtu anayetafuta nguo safi asiione. Akasema, "Mabry."

Wamebakiwa na jaribio moja. Wanahitaji yadi nne, la sivyo mpira unakuwa wetu. Nikajua, na Trevion akajua, na mama muuza karanga jukwaani alijua: dalali atapiga kelele tuchomoke, tumpe yadi tano bure, mchezo uwaendee. Nikainama upande wa kulia, Trevion kushoto. Nikamwita, "Dogo! Kuku!"

Akajibu bila kunitazama, "Mkono, Babu. Nauona."

Yule bwana alibweka, akanguruma, akakanyaga chini, akaita majina ambayo hata hayapo. Watu elfu sitini wanapiga mayowe. Mimi sikumsikia. Nilitazama mkono wa mtu wao aliyeushika mpira nyasini, nikauona una kiganja kinene na pete, Shangazi, nusura nikuone umesimama pale na aproni. Nikangoja. Trevion akangoja. Mkono ukainuka na mpira.

Hapo sasa! Nilimwingia beki wao kifuani, nikamrudisha kinyumenyume hatua kwa hatua mpaka nikampeleka kwenye mapaja ya mrushaji wake. Dalali akaona huku hakuna njia, akakimbilia kushoto. Kushoto yuko Trevion. Alimlaza chini na mpira wake kifuani. Mchezo umekwisha.

Kwenye karatasi za takwimu limeandikwa jina la Trevion. Langu lipo mara moja tu: kuchomoka mapema, yadi tano. Sijali hata kidogo. Nilivua helmeti, nikatoka uwanjani polepole, hatua moja moja, nikiyasikia magoti yangu yote mawili. Nililia, nakwambia bila haya. Trevion akauliza kama nimeumia, nikamwambia jasho limeingia machoni.

Jana Stubblefield aliniita ofisini. Wanataka nibaki mpaka msimu uishe. Karatasi iko tayari, natakiwa kutia saini Ijumaa ya tarehe ishirini na tisa, saa nne asubuhi. Nikamwambia yuko mtu sijamwomba ruhusa.

"Mkeo?"

"Renita ameridhia. Ni shangazi yangu."

Akaweka kalamu mezani. "Mabry, una miaka mingapi?"

"Mbele ya shangazi? Saba."

Najua utasema, "Cleavon, ulitaka kutoka kwa miguu yako, umetoka. Unatafuta nini tena?" Ni swali la haki. Nami nilidhani nikishatoka vile, roho itatulia. Kumbe nimegundua napenda kuwa wa akiba. Napenda kuingia mara kumi na tano, kumpumzisha yule mtoto, kumkaripia, kumwona anakuwa bora kuliko mimi. Na nguvu ninazo, hilo sina shaka nalo hata chembe. Zimebaki wiki sita, labda kumi tukienda mbali, na tutakwenda mbali, andika uweke. Kisha naivua helmeti, mapacha waifanye kikapu cha midoli.

Lakini ukisema hapana, ni hapana. Nimekuvunjia kiapo mara moja. Mara ya pili sitaweza kukutazama usoni, na uso huo ndio uliobaki wa wazazi wangu wote.

Nisalimie Jolene, na umwambie nimemsamehe uongo wa bafuni. Msalimie mumewe Ansel, nasubiri samaki wake wa moshi aliyeniahidi tangu masika. Salamu kwa akina mama wa kwaya yako, hasa yule anayeimba kwa sauti kubwa kuliko wote bila kujua wimbo. Renita anakuamkia, na mapacha wanakubusu kwa meno yao mapya. Mungu akulindie mguu huo, akupashe moto kwenye barafu hiyo, akuweke mpaka uwacharaze wajukuu kwa mwiko uleule.

Alhamisi ya wiki ijayo mtakaa mezani kwa Sikukuu ya Shukrani. Nitapiga simu saa mtakayokuwa mmeinamisha vichwa. Sitasema neno. Mwambie Jolene aiweke simu karibu na sufuria, na ukiwa umeniridhia, inua mfuniko niusikie. Usipouinua, Ijumaa narudi nyumbani Mobile, tena kwa furaha ya kukutii. Kocha ameshasema amina. Daktari amesema amina, Renita amina, Trevion amina mara mbili, na Lamar, bila shaka, ndiye aliyeanza. Nimewasikia wote, Shangazi, na kalamu ya kutia saini sijaigusa.

Wako akupendaye, mwenye njaa na adabu,

Cleavon