Vibao Ndani ya Gita la Babu Yako

Mpendwa Achieng,

Hapa Karungu tu wazima, na mbuzi amezaa mapacha. Unaniita nyanya kwa kuwa nilipewa jina la marehemu mama yake babu yako, basi nyanya wa miaka kumi na minane anakujibu.

Ndiyo, gita la babu yako lilipopasuka ubao, nililitengeneza mimi. Fundi wa maboti alikuwa ameshashika msumari. Pamoja na haya zangu nikasema, “Mzee, usipigilie, ufa utaongezeka.”

Akacheka. “Haya, profesa, tengeneza wewe. Mkono wangu hauingii humo.”

Nikapitisha wangu kwenye tundu, nikabandika vibao vidogo kwa gundi, vikivuka ufa kutoka upande hadi upande.

Jumapili babu yako alikaza nyuzi zote sita kanisani na ubao ukashika. Watu walipouliza fundi ni nani, nilisimama kabla hajanitaja.

Shangazi na nyanya yako,
Apiyo