Sauti Yako Imo Kwenye Simu za Watu

Mwaka umetimia, baba watoto, tangu ulipovua miwani ukaiweka juu ya kompyuta, ukasema unajinyoosha kidogo. Watoto wametaka niandike "sisi" katika tangazo hili la kumbukumbu yako. Nimekubali, ila wivu utakaosomeka humu ni wangu peke yangu.

Watu walikuletea rekodi za masomo, mawaidha na kaseti za wazee wao, nawe ulivibana vyote kuwa faili ndogo za sauti hadi vikaenea kwenye simu ndogo za vitufe. Mwenye muziki ulimrudisha kwa upole: "Hapa maneno yanapita, ngoma inabaki mlangoni. Muziki ukiubana hivi unalia kama nyuki ndani ya kopo." Bibi asiyejua kubonyeza ulimwelekeza hata mara kumi, na hukuwahi kumkunjia uso.

Ulikuwa na desturi moja. Mwanzoni mwa kila faili ulitia maneno yako machache, ili mteja apange sauti ya simu kabla somo halijaanza. "Ukinisikia vizuri, acha hapo hapo." Ukishamkabidhi, ulifuta kila kitu kwenye kompyuta. Ulisema sauti ya mtu ni amana.

Kwetu hukurekodi hata neno moja. Binti yetu mkubwa alipokuomba, ulicheka ukamwambia, "Nyinyi mnanisikia bure kila siku, mnataka nini tena?" Mganga hajigangi. Ulipoondoka tulipekua simu zote za nyumbani. Tulipata picha zako tele, na katika zote umefumba mdomo.

Basi wateja wako wakaanza kuja. Mwalimu mstaafu anazo faili kumi na moja. Muuza nyama anazo tatu, na huzifungulia wateja wakiwa kwenye foleni. Kisha akaja mama cherehani, yule jirani wa chumba chako cha kazi, akidhani ananifariji. Akabonyeza, nikakusikia ukimwambia, "Wewe mwenye mikono ya baraka, somo lako la kukata kola ni hili." Mikono ya baraka! Miaka kumi na tisa nimekupikia, nimekufulia, hukuiona baraka yoyote kwenye mikono hii? Nilimwambia nina sufuria motoni. Jiko lilikuwa limezimwa tangu asubuhi.

Wanasema wivu ni kidonda. Mimi nimekonda kilo sita. Nilikuwa nikipita sokoni nikiona mtu ameweka simu sikioni, najiuliza kama yuko na wewe.

Wiki iliyopita binti yetu mkubwa alikwenda kwa mama cherehani bila kuniaga, akaomba asikilize masomo yote tangu mwanzo. Alirudi akihema, akanishikisha simu yake, somo moja amelinakili humo. Ni somo la nne, ulilolitengeneza ukiwa hapa sebuleni wakati chumba chako cha kazi kinapakwa rangi. Unamwelekeza apandishe sauti, na nyuma yako mwanamke anaita, "Baba watoto, chakula kinapoa."

Ni mimi. Halafu wewe, kwa ile sauti yako ya nyumbani ambayo hakuna mteja aliyewahi kuipata: "Subiri, mama watoto wangu. Nakuja."

Nilimwendea mama cherehani mwenyewe, nikamuuliza kwa nini hakunionyesha. Akanijibu bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani, "Hapo huwa naruka, dada. Si pangu."

Nilikaa kwenye benchi lake nikalia, naye akazima cherehani mpaka nilipomaliza.

Unakumbukwa na mkeo, binti zako wawili na kitindamimba wako, mama yako mzazi, kaka zako, mashemeji na wakwe, mwalimu mstaafu, muuza nyama na, sasa bila kinyongo, mama cherehani. Hatutakusahau maadamu tunapumua.

Kile kipande ni cha sekunde nne. Watoto nimewapa wasikilize mara moja moja, kisha wanirudishie. Uliniambia nisubiri, baba watoto. Nasubiri.