Mteja wa Nyuma ya Pazia

Kwa dada yangu Martina,

Shikamoo dada. Pokea salamu nyingi kutoka huku kilimani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na wote wa hapo Ibadakuli, na kwamba ule mguu wako uliokuwa unavimba sasa unakuruhusu kwenda sokoni. Mimi sijambo, ila nikisema sijambo ujue ni adabu tu. Mgongo hauniachi, macho yameiva kwa moshi, na siku hizi nikikaa chini, kuinuka ni mpaka nijishauri.

Utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Dada, simu yako anaipokea shemeji, na akishapokea shemeji, kaka Wiliam anajua kabla sufuria haijachemka. Haya ninayokueleza nataka uyasome peke yako. Nampa barua hii Girish, yule mwenye duka la vifaa pale Masumbwe, anakwenda Shinyanga kufuata mzigo. Ameniahidi kukukabidhi mkononi, si kwa mtu mwingine.

Hoteli yangu unaijua kwa kusikia tu. Ni banda la mabati mahali ambapo barabara ya kutoka Masumbwe inachoka kupanda. Chini yangu kuna karasha zinasaga mawe mchana kutwa, vumbi lake linapanda na kutua kwenye kila kitu, hata kwenye kope. Wenzangu wanauza chipsi na wali. Mimi napika vya kwetu: ugali wa mtama, ugali wa udaga wa muhogo, mlenda, dagaa, kuku wa kienyeji akipatikana, na yale majani ya kunde yaliyokaushwa, nsansa, nayaunga kwa karanga kama alivyokuwa anaunga mama. Asubuhi ni michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na chai. Nilipoanza walinicheka, wakasema nani atatoka kwake aje kununua michembe hotelini. Sasa hawacheki, maana viti havitoshi. Mtu akishatoka kwenye duara, huko chini ardhini, hataki chakula cha kigeni, anataka cha mama yake. Hata huyo Girish, asiyegusa nyama wala samaki, akipita hapa lazima ale nsansa, kisha alalamike kwamba sijui kutumia pilipili.

Lakini nimechoka, dada. Maji yanapandishwa kwa pikipiki, kuni zikinyeshewa ni moshi mtupu, na Rhoda anayenisaidia kuhudumia wateja ni mchapa kazi ila mdomo wake haupumziki. Kuna jioni natamani watu wote wa dunia hii washibe siku moja, nikalale.

Sasa nisikilize. Tangu mwaka jana anakuja mteja mmoja, kijana mrefu, mpole, anaitwa Eliya. Mara ya kwanza nilimwona ana kiburi. Viti vyote vinatazama barabara, yeye akageuza chake akatazama ukuta. Nikimpelekea sahani haipokei mkononi, anasubiri niiweke mezani na nigeuke ndipo anawe. Nikipita karibu yake anaacha kutafuna. Kabisa, dada, tonge liko shavuni na taya limesimama! Siku moja nilirudi ghafla kumwongezea mchuzi, akameza zima zima, likamkwama, akatoka nje anakohoa machozi yanamtoka. Wenzake walicheka mpaka wakagonga meza. Mimi nikasema moyoni, huyu ni mwizi, mtu mwema hamwogopi mpishi. Nikawa navichunga vijiko vyangu.

Havikupotea vijiko. Nikawa najiuliza nimewahi kumwona nani akila hivi. Jibu lilinijia nikiwa nasugua sufuria. Unamkumbuka marehemu Baba Suzana alipokuwa anakuja kwetu, mara baada ya kunioa? Alikuwa anakula nyuma ya ghala, na mama akikohoa tu huku jikoni, yeye kule anaacha kutafuna. Sisi tulikuwa tunachungulia na kucheka. Ndivyo ilivyo kwetu, mkwe hali mbele ya mama mkwe, na mama mkwe hamtazami mkwe akila. Ni hivyo tu. Dada, sufuria liliniponyoka. Mwizi gani! Yule kijana alikuwa anakula kama mtu aliye kwa wakwe zake.

Nikajikemea, Serafina, acha wazimu, vijana wana aibu za namna nyingi. Ila siku ile ile alimwita Rhoda pembeni, akamwomba amfungie ukoko wa ugali na maziwa ya mgando apeleke nyumbani, eti mke wake anapenda kuuchovya. Rhoda alikuja jikoni anacheka, anasema kuna watu wanakuja hotelini kununua ukoko. Mimi sikucheka. Nani mwingine unayemjua hapa duniani anayekula ukoko kwa mgando? Ni nani uliyekuwa unagombana naye kwa kukukwangulia sufuria?

Ndiyo, dada. Najua ulisema jina lake lisitajwe masikioni mwako. Nisamehe, leo nalitaja. Ni Suzana. Na huyo Eliya ndiye Mayala, mchimbaji aliyemchukua kutoka kwako pale alipokuwa anajifunza ushonaji, akamtorosha mtoto wa watu bila mshenga wala hodi. Najua Wiliam alivyokusimanga kwamba ulilala usingizi mlangoni. Najua hukustahili, na sikukutetea ipasavyo. Eliya ni jina lake la ubatizo, Mayala ni la nyumbani. Alikuwa anajua hii ni hoteli ya nani, maana kila mtu hapa ananiita Mama Suzana. Suzana ndiye aliyekuwa anamtuma. Alikuwa anamwambia nenda ukale kwa mama, umtazame kama amekonda.

Utaniuliza, kwa nini hukumkamata hapo hapo? Kwa nini hukupiga simu? Dada, fikiri. Siku nitakayosema nimemjua kuwa ni mkwe wangu, siku hiyo hawezi tena kula mbele yangu. Hatakanyaga hotelini. Na yeye ndiye alikuwa njia yangu pekee. Akichukua ukoko najua mwanangu ana hamu ya kula. Asipochukua, silali. Ningemfuata Suzana, angehama, na machimbo ni mengi kuliko miguu yangu. Halafu kuna kiapo cha Wiliam, kwamba nikimpokea kabla mwanaume hajaleta watu wake, nisimhesabu yeye kuwa ndugu. Basi nikajifanya mjinga. Nilichofanya ni kutundika pazia, khanga zangu kuukuu mbili, pale kwenye kona yake. Wateja waliuliza, nikasema ni la kuzuia vumbi. Vumbi gani, na upande huo ni ukuta! Nilitaka tu mtoto wa watu atafune kwa amani.

Mvua zilipoanza, akawa anamwuliza Rhoda kama tuna ukwaju, kama anajua wapi wanauza udongo wa kula. Nilikwenda nyuma ya banda nikalia, kisha nikarudi kusonga ugali, maana watu walikuwa wanagonga sahani. Nilimwekea ukwaju kwenye mfuko bila kusema kitu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini mzazi mwenyewe ni mimi, niliyekuwa namlisha mwanangu kupitia mdomo wa Rhoda.

Wiki iliyopita Wiliam akanipigia. Amepata habari kwamba Mayala anachimba upande huu. Anakuja na wazee wawili, watakaa hotelini kwangu kama wateja mpaka wamtie mkononi, na Suzana arudishwe nyumbani, apende asipende. Anasema nawe umekubali. Nilimwambia mtandao unasumbua.

Jana asubuhi Mayala alikuja kabla sijamimina chai. Hakukaa. Alisimama nyuma ya pazia akamtuma Rhoda aniulize, mtu aliyejifungua, na uchungu wake ulikuwa mrefu, na maziwa hayatoki, na hana mama wala shangazi karibu, kwetu anapikiwa nini. Rhoda alianza kunipigia kelele kutoka mlangoni kama anaagiza supu. Nikamwambia aweke chini mabirika, akae kimya, asikilize, maana atakuwa shahidi.

Nikasogea mpaka kwenye pazia. Nikaliambia lile pazia, uji mwepesi wa mtama wenye karanga, supu ya kuku mtetea, na kukandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni. Nikauliza nani anamkanda. Akasema hakuna, jirani amefika mara moja tu. Hapo nikashindwa, dada. Nilisema, mkwe, tangulia ukachemshe maji, nafunga hoteli nakuja.

Pazia langu halifiki chini, nikaona magoti yake yanashuka sakafuni. Akasema kwa sauti ndogo kwamba anaomba radhi, kwamba yeye alizidiwa na shida, baba hana, wajomba wako Maswa na hawana habari naye, hakuwa na mtu wa kumtuma kwetu. Akasema kila tonge alilokula hapa alilimeza kwa hofu. Nikamwambia ainuke, maji hayachemki yenyewe. Hata safari yenyewe ilikuwa kichekesho. Alikuja na pikipiki ya kukodi na dereva wake, na mama mkwe hawezi kubanana na mkwe kwenye kiti kimoja, basi mimi nikapanda, yeye akashika njia ya mkato kwa miguu juu ya kilima, na alifika akiwa ametota jasho.

Kwa hiyo haya yote nakuandikia nikiwa chumbani kwa Suzana, nimekaa sakafuni, karatasi iko juu ya ndoo iliyofunikwa. Hoteli imefungwa. Mwanao amekonda, macho yamezama, ila jioni hii amekunywa uji wote na maziwa yameanza kuja. Aliponiona alinishika sketi kama alivyokuwa anashika akiwa mdogo. Mayala anakula kwa jirani. Nimemfukuza kwake mwenyewe, maskini, na hotelini hatarudi tena. Nimempoteza mteja wangu, na sijutii.

Mwambie Wiliam mkwe nimeshamtambua kwa kinywa changu, Rhoda akiwa shahidi. Akitaka kuja na wazee aje, lakini aje kama babu anayekuja kuona mjukuu. Akija kwa ugomvi atanikuta mlangoni, na safari hii sitasema mtandao unasumbua.

Na sasa lile ambalo mkono wangu umekuwa ukilikwepa tangu nianze kuandika. Mtoto ni wa kike. Wamemwita Martina. Sikuwaambia mimi, nimelikuta jina tayari. Suzana amesema wewe ndiwe uliyemlea alipokuwa mbali nami, na wewe ndiwe uliyekosewa naye kuliko wote. Amesema pia, kama hulitaki jina lako lilale katika nyumba hii, watalibadilisha bila kinyongo. Kwa sasa wanamwita mtoto, mtoto tu, wanaogopa kulitumia kabla hujaliruhusu.

Nisalimie shemeji na watoto, na majirani wote wanaoniuliza. Suzana anasema shikamoo, kama utaipokea. Girish atakuuliza kama una jibu la kurudisha. Mwambie huna. Lilete mwenyewe, dada, mtoto anasubiri kuitwa.

Mdogo wako akupendaye,
Serafina