Shukrani Ambayo Mama Kalenga Hakuisema

Mjukuu wangu Ilunga,

Jambo yako huko Luena. Sisi tuko wazima, na mbuzi wetu amezaa mapacha. Unacheka kwamba nina miaka kumi na sita tu, lakini nilipewa jina la nyanya yetu, kwa hiyo utaniita Kambo, yaani nyanya!

Uliuliza kama konseye, yaani diwani, tuliyemchagua kwenye komine ya mji wetu anasikiliza watu. Acha nikiri kitu. Alipokutana na kikundi cha walemavu, aliniomba nitafsiri Kiluba. Mama Kalenga, anayeendesha baiskeli ya mikono, alimwambia: “Ngazi za bomba zinanizuia kuchota maji. Uliahidi, ukatusahau.” Niliona aibu kumwambia mkubwa hivyo. Nikatafsiri: “Mama anakushukuru.”

Konseye, mtoto wa wafanyabiashara wa Maniema, akacheka. “Mutoto, minyi nilizaliwa hapa, Kiluba ninasikia. Nilitaka bantu bote basikie. Sema vile mama alisema.”

Nikasema yote. Konseye akainama. “Njo vile, ni kweli, mama. Nilisahau.” Kesho yake alikuja na koleo, wakachanganya saruji pamoja na kikundi, wakatengeneza mteremko kando ya ngazi.

Jana Mama Kalenga alifika bombani bila kusukumwa. Akaniita kwa sauti: “Weye, mutafsiri! Sasa umwambie ninashukuru!”

Nilikwenda nikamwambia konseye mbele ya watu, neno kwa neno.

Ni mimi Kambo wako, ambaye aibu imempungua kidogo.