Paka wa Mzee Ambakisye

Kyimo, Jumanne, mvua haijakatika

Sasa huyu paka ni wangu au si wangu? Mimi ninayeuza mitumba nikimaliza robota zima la nguo kabla wenzangu hawajafungua la kwao, leo paka kanishinda.

Nilimkuta mgombani, mbavu zinahesabika. Nikaenda kwa mwenyewe, jirani yetu Mzee Ambakisye, kumpa maneno yake.

"Gwe kijana," akasema, "mkwe wangu anamlisha huko kwake."

Nikazunguka nyuma kwa huyo mkwe wake, shemeji Tumpe. Akacheka. "Si baba ndiye anayemlisha?"

Kumbe kila mmoja anamtegemea mwenzake, na kuulizana hawawezi. Kwetu mwanamke haongei na baba mkwe wake, hata njiani anampisha. Mumewe, aliyekuwa akiwapelekea maneno, yuko Dar tangu mavuno.

Nikajitapa kwamba nitawasemesha mimi. Nimekwenda na kurudi mara nne, viatu vimejaa tope, na hakuna aliyekubali kwamba kumlisha ni juu yake; paka kabaki mikononi mwangu.

Mara ya mwisho mzee akanishika mkono, akatazama huko nyuma kwa mkwewe, akauliza polepole, "Na yeye mwenyewe, anakula?"

Mimi nilikuwa nimeulizia paka tu.