Mama, Mashine Haikujua Tulivyomwita

Mpendwa Mama,

Siku mlipokimbia vita kutoka Masisi, mdogo wangu Kazungu alikuponyoka mkononi katika msongamano wa barabarani. Alikuwa na miaka minne. Mimi nilikuwa masomoni Dar es Salaam. Niliporudi nilikukuta hapa Gisenyi, unauza vitunguu mpakani Petite Barrière na kukataa matanga. Baba mkubwa alikuja na jamaa kukulilia, ukawazuia mlangoni: "Mi siwezi lia mutoto mwenye sijaona maiti yake. Murudi kwenu!"

Kisha nikapata kazi katika ofisi iliyowatafutia watoto waliopotea jamaa zao. Ulikuja wiki ile ile niliyomaliza kuwaandikia programu ya kutafuta majina. Niliandika jina la mdogo wangu la ubatizo, Hakizimana Jean-Bosco, na kioo cha kompyuta kikajibu: hakuna. Mkuu wangu alikuwa amesimama nyuma yetu.

"Bon, mama, mashine imesema. Muende tu nyumbani."

"Mashine inamujua mutoto wangu?" ulimuuliza.

Jioni, tukichambua maharage, nilikueleza jinsi programu ile inavyotafuta, maana niliiandika mwenyewe. Ni jedwali ambalo sisi wa kompyuta huliita hashi. Unalipatia ufunguo, na ufunguo wetu ulikuwa jina. Mashine inalipigia jina hesabu, inapata namba ya chumba, inakwenda moja kwa moja kwenye chumba hicho bila kubisha kwingine. Ndiyo maana ina kasi. Lakini ukiipa jina jingine inakwenda chumba kingine, na itakuambia hakuna hata kama mtoto yumo.

Hapo hapo nikayasikia maneno yangu mwenyewe. Mtoto wa miaka minne hajui kwamba yeye ni Hakizimana Jean-Bosco. Akiulizwa, atasema Kazungu.

"Sasa unangoja nini?" ukasema.

Kesho yake nilimwomba Mkuu tutafute pia kwa majina ya nyumbani, akakataa. Jina ni lile rasmi, basi. Nikatengeneza jedwali la pili hata hivyo, ambalo ufunguo wake ulikuwa jina alilotamka mtoto mwenyewe alipookotwa. Mkuu aliponiuliza nani ameniruhusu, nilimjibu: watoto.

Kazungu mmoja akatokea, kijijini Nyakiriba, kwa wakulima waliomlea. Unakumbuka tulivyopanda kile kilima huku ukinikataza kusema neno? Ulimshika kidevu, ukamgeuza kichwa kutafuta kovu la moto alilokuwa nalo mdogo wangu nyuma ya sikio. Halikuwepo. Ulimfuta kamasi kwa kitenge chako, ukaniambia:

"Si wetu. Lakini iko mutoto wa mutu. Tafuta."

Tangu siku hiyo nilimuuliza kila aliyekuja: nyumbani mlimwita nani? Mwanamke mmoja wa Goma, ng'ambo ya mpaka, ambaye tulikwisha kumjibu hakuna, akasema Kazungu, mtoto wa marehemu dada yake; alikuwa yule wa Nyakiriba. Ulikuwepo mpakani alipomvusha. Alimkamata mkono kwa nguvu hadi mtoto akalia, "Unaniumiza!" Ulicheka, Mama, machozi yakikutiririka, na wachuuzi wenzako wakadhani umepata wako.

Hukumpata wako. Ulifariki wakati wa mvua za masika.

Jumapili Baba mkubwa alikuja na fundi wa misalaba. Anataka jina la Hakizimana liandikwe chini ya lako kwenye msalaba wa kaburi, "ili mambo yaishe." Eti nimemtafuta kila mahali, na mashine imekwisha kusema. Mama, mimi ndiye niliyeifundisha mashine hiyo kusema hakuna. Najua maana yake: sijakuta kitu chini ya jina hili. Haimaanishi zaidi ya hapo. Haijawahi kumzika mtu, na Baba mkubwa hataitumia kumzika mdogo wangu.

Nimemwambia fundi aandike jina lako peke yake. Baba mkubwa amesusa, hataki hata salamu yangu. Na asuse. Mjini wanasema ukiingia mwaka elfu mbili kompyuta zote zitazimika. Zikizimika, nitauliza kwa mdomo, mlango kwa mlango, kwa jina lile ulilomwita wewe.

Pumzika, Mama. Mimi bado.

Binti yako,
dada yake Kazungu