Baba na Ua Lililokuwa la Mama

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipotutoka, na magugu ya uani bado hatujayang'oa. Ulikataza. "Hilo sijalijua bado," ulikuwa ukisema, kisha unalichomekea kijiti pembeni tusilikanyage.

Kazi yako ilikuwa kuweka sawa majina ya kitaalamu ya maua ya porini. Ua likiwa na majina matatu, ulitafuta lililotangulia kuchapishwa, mengine ukayashusha chini yake. "Jina la kwanza ndilo jina," basi, hata kama la pili lilitolewa na profesa wako. Nyumbani gazeti la leo tulilisoma baada ya wiki mbili, likishamaliza kukausha mimea yako.

Ua moja uliligundua mwenyewe, la zambarau, kule kwenye machimbo ya kokoto, ukalipa jina la Mama. Picha yake ilitundikwa sebuleni. Mgeni alionyeshwa ua kabla hajapewa maji.

Baada ya mazishi tulifungua droo ya meza yako, tukakuta makala uliyoimaliza miezi sita kabla ya kufa. Ulikuwa umethibitisha kwamba ua la Mama lilishapewa jina na mtu mwingine, miaka hamsini kabla yako. Kwa kanuni zenu, jina la Mama lilipaswa kushuka. Kila kitu kilikuwa tayari, hata bahasha ilikuwa na anwani. Hukuituma. Mkuki kwa nguruwe, Baba.

Kaka mkubwa akasema, "Tuiache tu. Nani atajua?"

Mama aliisoma yote, kidole kikifuata mstari. "Yeye alijua," akasema. "Pelekeni."

Ilichapishwa mwezi uliopita. Jina la Mama sasa limo kwa herufi ndogo, chini ya lile lililotangulia. Hatukulilia ua. Kilichotuuma ni ile miezi sita uliyokaa na jambo hili peke yako, ukila na Mama meza moja, huku unaogopa. Mama anasema ungemwambia tu. Angenuna siku mbili, ya tatu angekuuliza hilo jina jingine linatamkwaje.

Unakumbukwa na mkeo, wanao watatu, wajukuu, dada yako uliyezoea kumwita Mbishi, na mwenzako wa chumba cha mimea mikavu, aliyeipeleka bahasha kwa mkono wake.

Hatutakusahau, Baba, siku zote za maisha yetu.